Kuficha Si Kuzima: Kulea Terminali Ndani ya Vim

"Kaka, poti imegoma."

Kijana ninayekaa naye meza moja alikuwa ameandika `python3 manage.py runserver` mara tatu, na mara zote tatu Django ikamjibu kwamba poti hiyo tayari inatumika. Nikamuuliza: ile seva ya asubuhi umeizima? "Nimeifunga muda, mbona. Hata dirisha lake huoni hapa."

Kweli, dirisha sikuliona. Nikamwambia aandike `:ls R` ndani ya Vim. Zikatoka terminali tatu, zote zikiwa hai: seva yenyewe, vipimo vilivyokuwa vikijirudia tangu saa tatu asubuhi kila anapohifadhi faili, na sheli tupu ambayo hata yeye hakukumbuka aliifungulia nini.

Kosa lake hulifanya karibu kila anayeanza kufungua terminali ndani ya kihariri: kudhani dirisha na programu ni kitu kimoja. Ukifunga mlango wa jikoni moto hauzimiki. Maharage yanaendelea kuchemka, na usipoyakumbuka yataungua. Mwongozo huu utakusaidia kuacha sufuria jikoni kwa makusudi, ukijua ziko ngapi, zina nini, na ya kuepua ni ipi.

Kabla hujaanza

Natumia Vim kwa sababu ndiyo ninayoshinda nayo kutwa. Terminali ya ndani iliingia katika toleo la 8.1, lililotoka Mei 2018. Angalia kama yako inayo:

`:echo has('terminal')`

Ikijibu 1, endelea. Ikijibu 0, au ikilalamika kwamba amri hiyo haipo, huenda unatumia ile Vim iliyopunguzwa inayokuja na Ubuntu au Debian kwa jina la vim-tiny. Weka iliyo kamili kwa `sudo apt install vim`. Kama wewe ni wa Neovim, mengi yanafanana, na pale zinapoachana nitakuambia.

Bando likikatika katikati ya kazi, usihangaike. Maelezo yote yamo ndani ya Vim yenyewe, andika tu `:help terminal`. Ukiwa humo, jaribu pia `:help uganda`. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa mara ya kwanza mwaka 1991, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, kwenye kazi za maji na usafi. Tangu hapo hadi alipofariki Agosti 2023, aliyeipenda Vim aliombwa awachangie watoto wa Kibaale, na ombi hilo limeandikwa ndani ya leseni yenyewe. Chombo hiki kina undugu na ukanda wetu kuliko wengi wanavyojua.

Kufungua, kutoka, kuficha

Amri ya msingi ni `:terminal`, na ukiona uvivu `:term` inatosha. Skrini itagawanyika, juu ukapata sheli na chini faili lako likabaki. Ukitaka zikae ubavu kwa ubavu, andika `:vertical terminal`. Ukitaka sheli ichukue dirisha ulilopo, `:terminal ++curwin`. Mimi hupenda kijisehemu kidogo tu, kwa hiyo huandika `:terminal ++rows=10`, mistari kumi, basi.

Ukishaingia, vitufe unavyobonyeza vinakwenda kwa sheli. Ukibonyeza Esc, sheli inaimeza na Vim haina habari. Mlango mkuu wa kutokea ambao Vim imejibakizia ni Ctrl-W. Vitumie hivi mpaka vidole vivizoee:

- Ctrl-W, kisha Ctrl-W tena: unahamia dirisha jingine, terminali ikiendelea na yake.
- Ctrl-W, kisha nukta mbili `:` : unapata mahali pa kuandikia amri ya Vim bila kuondoka kwenye terminali.
- Ctrl-W, kisha N, herufi kubwa: terminali inageuka maandishi ya kawaida unayoweza kuyapitia na kuyanakili. Ukimaliza, `i` inakurudisha kwenye sheli.
- Ctrl-W, kisha alama ya kunukuu `"`, kisha jina la rejista: unabandika ulichonakili kwenye faili lako.
- Ctrl-W, kisha nukta moja: Ctrl-W yenyewe inafika kwenye sheli. Utaihitaji kama umezoea kufuta neno zima kwa kitufe hicho.

Kwenye Neovim Ctrl-W haina kazi hiyo. Kule unatoka kwa Ctrl-\ ikifuatiwa na Ctrl-N, njia ambayo Vim nayo inaikubali. Ukizoea hiyo moja, hutapotea kokote.

Kuficha ni amri moja. Bonyeza Ctrl-W, kisha andika `:hide`. Dirisha linaondoka, programu inabaki inafanya kazi. Ukiandika `:q` badala yake, Vim kwa mpangilio wake wa kawaida itakataa na kukupa kosa la E948, maana yake kazi bado inaendelea na ukitaka kuiua uongeze alama ya mshangao. Hapo pumua kwanza. Wengi wetu tuna mazoea ya kuitandika `!` kila Vim inapobisha, na kwenye terminali `:q!` inaua kweli. Neovim haibishi: `:q` ndani yake inafunga dirisha kimyakimya na programu inabaki nyuma. Huo ndio upole unaomponza mtu poti ikigoma.

Majina, kisha hesabu

Usipoipa terminali jina, Vim huibatiza kwa jina la sheli: `!/bin/bash`. Ya pili ni `!/bin/bash (1)`, ya tatu `!/bin/bash (2)`. Ni kama kuwa na watoto watatu, wote Hamisi. Ukiita, hujui ataitika nani.

Kwa hiyo jizoeze kutoa jina palepale unapofungua. Bonyeza Ctrl-W, kisha andika:

`:file seva`

Chagua jina la kazi, wala si jina la programu. `seva`, `vipimo` na `data` yatakueleza kitu wiki ijayo. `Python` haitakueleza chochote, kwa sababu zote tatu huenda ni Python. Hakikisha pia jina halifanani na faili lolote la mradi, Vim isije ikakupeleka kusiko.

Sasa hesabu inasomeka. Ukiandika `:ls R` utaona kitu kama hiki:

```
  2  hR   "seva"
  5  hR   "vipimo"
  6 %aR   "sheli"
```

Namba ya kwanza ni ya bafa. Herufi `h` inamaanisha imefichwa, `a` ipo kwenye dirisha unaloliona, na `R` ni kwamba programu iko hai. Alama ya `%` ni pale ulipo sasa. Badilisha R iwe F, yaani `:ls F`, utapata zilizokwisha kazi zenyewe lakini bado zimelala kwenye orodha. Hizo F ni za kuangaliwa. Seva uliyodhani inakimbia ukiikuta na F, ilianguka bila wewe kujua.

Kurudi kwenye terminali iliyofichwa ni rahisi: `:sbuffer seva` inaifungulia dirisha jipya, na `:buffer seva` inaileta kwenye dirisha ulilopo. Unayeirudia mara hamsini kwa siku, weka mistari hii miwili kwenye `.vimrc`:

```
nnoremap <leader>s :sbuffer seva<CR>
tnoremap <Esc><Esc> <C-\><C-n>
```

Wa kwanza unakuitia seva kwa vitufe viwili. Kama hujabadilisha chochote, `<leader>` ni mkwaju wa nyuma `\`. Wa pili unakuwezesha kutoka kwenye sheli kwa kubonyeza Esc mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu zipo programu zinazoitaka Esc kwa shughuli zake. Ukiikamata Esc moja, siku utakapofungua kitu kama hicho ndani ya terminali utajikuta huna pa kutokea.

Kuwasha nyuma tangu mwanzo

Si lazima ufungue dirisha ndipo ulifiche. Seva ambayo huna haja ya kuitazama unaweza kuiwasha ikiwa tayari nyuma:

`:terminal ++hidden python3 manage.py runserver`

Hutaona kitu, na hapo ndipo penye mtego. Ikishindwa kuwaka, kwa mfano hifadhidata haijawashwa, utaendelea kuandika msimbo ukidhani mambo ni shwari. Kila unapotumia `++hidden`, subiri sekunde chache kisha piga `:ls R`. Ikiwa haimo, ifuate kwenye `:ls F` usome ilichokufa nacho.

Kwa kazi ndefu yenye mwisho, kama vipimo vya mradi mzima, ongeza neno moja:

`:terminal ++hidden ++open pytest`

`++open` inafungua dirisha kazi ikiisha. Umemwachia mtu jikoni, naye atakuita maharage yakiiva. Mimi huwasha hivi kisha narudi kwenye faili, na siangalii tena mpaka skrini igawanyike yenyewe.

Jihadhari na kitu kimoja: amri inayofuata `:terminal` haipiti kwenye sheli. Ukiunganisha amri mbili kwa `&&`, Vim itaipa programu ya kwanza alama hizo kana kwamba ni jina la faili. Dawa ni `++shell`:

`:terminal ++hidden ++open ++shell pytest && npm test`

Unaweza pia kuituma amri kwenye terminali iliyofichwa bila kuitoa mafichoni:

`:call term_sendkeys('vipimo', "pytest -x\<CR>")`

Angalia alama za kunukuu. Amri imezungushiwa alama pacha kwa sababu ndani ya alama moja-moja `\<CR>` itaandikwa kama ilivyo, herufi kwa herufi, badala ya kuwa Enter. Nilipoteza nusu saa kwa hilo. Kwenye Neovim kazi hii inafanywa na `chansend()`.

Kusoma zilichoandika

Faida kubwa ya terminali ya ndani ni kwamba maandishi yake ni maandishi ya Vim. Vipimo vimekatika, umepata mistari mia tatu ya malalamiko. Bonyeza Ctrl-W kisha N, halafu tafuta kurudi juu kwa `?Error`. Nakili mstari kwa `yy`. Ukikuta kitu kama `tests/test_malipo.py:42`, weka kishale juu yake ubonyeze Ctrl-W kisha F, herufi kubwa. Vim itafungua faili hilo kwenye dirisha jipya, kishale kikiwa mstari wa 42. Anayetumia terminali ya pembeni angeusoma mstari huo, akaukariri, akahama dirisha, akaandika jina la faili, akatafuta namba.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa. Vim hutunza mistari 10,000 ya kila terminali, ikizidi hapo hufuta asilimia kumi ya zamani zaidi. Kama unahitaji kumbukumbu ya siku nzima, iandikie faili. La pili linatisha wageni: ukiwa umeigeuza terminali kuwa maandishi, dirisha haliandiki kitu kipya mpaka ubonyeze `i`. Nimeona watu wakiizima seva nzima kwa kudhani imekwama, kumbe ni wao walioisimamisha skrini.

Kuzima kwa adabu

Programu inataka kuagwa. Ingia kwenye terminali yake, bonyeza Ctrl-C, ipe muda ifunge mafaili yake, kisha andika `exit`. Uliyoifungua kwa `:terminal` tupu itaondoka na dirisha lake.

Usiichanganye Ctrl-C na Ctrl-Z, maana ndizo zinazozaa kesi nyingi za poti. Ctrl-C inaiambia programu iache. Ctrl-Z inaigandisha tu: haifanyi kazi, haijibu, lakini haijafa, na poti bado imeishikilia mkononi. Ukiona sheli imekurudishia mkono na neno `Stopped`, ujue umegandisha. Andika `jobs` uone waliogandishwa, `fg` umrudishe mbele, kisha Ctrl-C.

Ikiwa terminali yenyewe haishikiki, `:bdelete! vipimo` inaifuta pamoja na programu iliyomo. Na kama poti bado inagoma ilhali `:ls R` haionyeshi kitu, mwenye nayo yuko nje ya Vim hiyo. Mtafute:

`lsof -i :8000`

Chini ya safu ya PID utaona namba, tuseme 4127. Andika `kill 4127`, ambayo ni kumwomba aondoke. Asipoondoka ndipo `kill -9 4127`, ambayo haimpi nafasi ya kufunga chochote. Usianze na `-9`, hasa kwa hifadhidata.

Kwa seva ndogo ambayo kufa kwake hakuna hasara, unaweza kuipa Vim ruhusa mapema: `:terminal ++kill=term`. Siku ya kufunga Vim haitakubishia juu ya hiyo, itaiaga yenyewe.

Wa VS Code nao wasikae mbali. Alama ya X kwenye kona ya paneli inaificha tu, na inayoua ni ile ya pipa la taka. Jiko ni lilelile.

Zile zisizotakiwa kufa na Vim

Terminali ya ndani ni mtoto wa Vim. Vim ikiondoka, kwa heri au kwa shari, watoto wanaondoka nayo. Kwa seva ya majaribio hilo ni jema. Kwa kazi ya saa nne ni hatari.

Nililipa ada ya somo hili usiku mmoja nikihamisha jedwali kubwa la data, nimeingia kwenye seva ya mbali kwa SSH kupitia terminali ya Vim. Umeme ukakatika mtaani. Kompyuta yangu ilikuwa na betri, lakini ruta haikuwa nayo. Seva ilipobaini sipo, kikao changu kikafungwa, na uhamisho ukapokea ishara inayoitwa SIGHUP. Jina hilo ni la kukata simu, tangu enzi ambazo terminali ziliunganishwa kwa laini za simu. Programu nyingi zikiipata hufa papo hapo, na yangu ilikufa. Umeme uliporudi nikakuta nusu ya jedwali iko huku na nusu kule, nikakesha kuzilinganisha.

Kazi ya namna hiyo mpe tmux, programu inayotunza vikao vya terminali, ailee. Ukishaingia kwenye seva ya mbali:

1. Andika `tmux new -s uhamisho`. Umefungua kikao chenye jina.
2. Anzisha kazi yako ndani yake.
3. Bonyeza Ctrl-b, kisha `d`. Umejiondoa, kazi inaendelea.
4. Ukirudi, hata kesho na hata kutoka kompyuta nyingine, `tmux ls` itakuonyesha vikao vilivyopo, na `tmux attach -t uhamisho` itakurudisha ulipoachia.
5. Kazi ikiisha, `tmux kill-session -t uhamisho`.

Zingatia mahali: tmux iwe upande wa seva, wala si kwenye kompyuta yako. Ukiiwasha nyumbani halafu ndani yake ndiyo ufungue SSH, ruta ikizima utabaki na kikao kizuri cha tmux chenye SSH iliyokufa ndani. Wala tmux haimkingi mtu na mashine kuzimika. Inakulinda muunganisho ukikatika au Vim ikifungwa, basi.

Kipimo changu ni swali moja: Vim ikianguka sasa hivi, kazi hii nitaianza upya bila kunung'unika? Kama ndiyo, ikae ndani ya Vim. Kama sivyo, iende tmux.

Kabla hujafunga siku

Siku ikiisha, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. `:wa`, uhifadhi mafaili yote.
2. `:ls R`, usome kila jina kwa sauti. Ambalo hulielewi, lifungue ulitazame kabla hujalizima.
3. Ingia moja baada ya nyingine: Ctrl-C, `exit`.
4. `:ls F`, uone kama kuna iliyokufa mchana bila kukuaga.
5. `:qa`, bila alama ya mshangao.

Hiyo ya tano ndiyo mtihani. Vim ikikataa, haikusumbui: inakuambia kuna sufuria umeisahau. Yule kijana siku hizi ndivyo anavyofunga. Juzi nilimsikia akiandika `:qa`, akatulia, akasonya, akarudi ndani kuizima ile sheli tupu ambayo bado hajui huwa anaifungulia nini.